Mama Mkwe Ndani ya Mfuko wa Kijani

Nyinyi mlikimbilia Sake, wengine mkavuka kwenda Gisenyi, na mmoja wenu alifika hadi Bukavu kwa mashua akitapika njia nzima. Mimi peke yangu katika chumba chetu cha kushonea ndimi niliyekwenda kaskazini, na tangu nirudi kila anayevuta kiti karibu na cherehani yangu ananiuliza habari za mama mkwe. Nimesikia kuna anayesema nilimtupa barabarani. Kuna anayesema nilimuuza kwa askari. Basi nimeona niandike yote mara moja, msome mkipokezana, na mniache nimalize sare za shule.

Sokoni

Mlima Nyiragongo ulikuwa umeshapasuka. Lava ilikuwa imeshuka hadi karibu na uwanja wa ndege ikasimama, lakini ardhi haikusimama. Ilitetemeka asubuhi, mchana na wakati wa sala, na vikombe vyangu vilikuwa vinagongana kabatini bila mtu kuvigusa. Watu wa mtaa wetu wa Keshero walianza kunong'ona kwamba tutaambiwa tuhame, kwamba moto umepita chini ya nyumba zetu na unaelekea ziwani. Nikaamua kujitayarisha kabla ya kuambiwa.

Mnamjua mama mkwe wangu, Koko Adela, yaani Bibi Adela. Tangu Bosco wangu afariki, miaka sita sasa, tunaishi naye nyumba moja kama paka wawili kwenye dirisha moja. Neema, binti yangu, alikuwa masomoni Bukavu, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu. Mpango wangu ulikuwa kumpeleka Kiwanja kwa mwanawe aliyebaki, Bahati, na nilijua sehemu ya kwanza ya safari itakuwa kwa miguu, maana lava ilikuwa imekata barabara ya Rutshuru.

Yeye alitaka kubeba blanketi lake lenye picha ya simba. Mnalijua: zito kama mbuzi aliyelowa. Bosco alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Nikamwambia tutabeba kitu chepesi, akasema sawa, tubebe vyote viwili. Ndivyo tulivyokwenda sokoni kwa Papa Kasereka, yule anayeuza mitumba ya Ulaya, kutafuta mfuko wa kulalia, ule ambao wazungu wanaingia ndani yake wanapopanda Nyiragongo.

Alikuwa na mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa bluu, mnene kama godoro, na Papa Kasereka alisema mtu akiulalia kwenye barafu anatokwa jasho. Niliuinua nikaurudisha chini. Wa pili ulikuwa wa waridi wenye sungura kifuani. Mama mkwe aliupenda, ila ulimfika magotini. Wa tatu ulikuwa wa kijani, mwembamba, na alipoukunja ulikuwa mdogo kuliko mkate.

"Huu ni wa été," akasema.

Mama mkwe akamuuliza été ni mwezi gani hapa Goma.

"Été, koko, ni ule wakati wazungu wanalala inje kwa kupenda," akajibu.

Mimi fundi wa nguo sinunui kwa macho peke yake. Niligeuza mfuko ndani nje, nikafuata mishono kwa kidole, nikauinua kwenye jua kutafuta mahali ambapo pamba imekimbia na kubaki kitambaa kitupu. Niliunusa, haukuwa na ukungu. Nikavuta zipu kwenda na kurudi mara tano, na nikapenda kwamba ilizunguka hadi miguuni, yaani ukitaka unaufungua wote unakuwa shuka. Halafu nikavua viatu, nikaingia, nikalala chini katikati ya soko. Watu walisimama kutazama. Mama mkwe akaniangalia kutoka juu, akatikisa kichwa.

"Huu ni mufuko wa maiti," akasema. "Mimi siingie mule."

Nikanunua.

Keshero hadi ng'ambo ya lava

Amri ilikuja asubuhi, redioni, na mji mzima ukatoka mara moja. Nyinyi mlikuwepo, sina haja ya kuwaeleza magodoro yale yaliyokuwa yanatembea barabarani yenyewe, na chini yake miguu ya watu. Wote walikuwa wanakwenda magharibi, sisi wawili tunakatiza kwenda kaskazini, tukitukanwa kwa heshima. Mimi kichwani nilikuwa na blanketi la simba, mgongoni nguo na sufuria, na mfuko wa été ulikuwa unaning'inia kwenye kidole changu kama mkoba wa harusini. Mama mkwe alibeba Biblia na fimbo.

Tulifika kwenye lava mchana. Watu walikuwa wameshatengeneza kinjia juu yake kwa kukanyaga. Pembeni moshi ulikuwa bado unatoka kwenye nyufa, na joto lilipita kwenye soli za kandambili mpaka nikawa natembea kama kuku kwenye majivu. Mama mkwe alikataa kuharakishwa. Katikati alisimama, akaelekeza fimbo kwenye bati lililokuwa limejikunja ndani ya jiwe, akasema pale palikuwa kwa mwanamke aliyekuwa akimuuzia maharage. Tukasimama. Tetemeko likapita chini yetu, refu, na wale waliokuwa mbele wakakaa chini wote pamoja. Yeye alibaki amesimama. Nilimshika mkono bila kufikiri na hakuuondoa.

Ng'ambo, upande wa Kibati, palikuwa na pikipiki chache na watu wengi. Dereva aliyekubali kutuchukua, kijana mwenye maneno mengi aitwaye Fiston, alitazama mzigo wangu akasema atabeba wanawake wawili, au mwanamke mmoja na simba. Mama mkwe alikuwa ameenda nyuma ya ukuta kujisaidia. Kando yangu alikuwa amekaa mwanamke mmoja kijana kwenye jiwe, na kifuani mwake mtoto mchanga aliyefungwa kwa kitenge kimoja, chembamba. Nilimuuliza mtoto ana siku ngapi. Akasema mbili. Alizaa siku moja kabla ya kukimbia, akatoka nyumbani na mtoto na kitenge kile tu.

Nilimpa blanketi. Sikufikiri sana, na siwezi kujisifu, maana shingo yangu ilikuwa inauma na nusu ya ukarimu wangu ilikuwa shingo. Mama mkwe aliporudi nikamwambia limeibiwa. Nikaongeza kwamba mwizi alikuwa mrefu na alikimbilia upande wa msitu. Alitazama upande ule kwa muda mrefu. Akapanda pikipiki.

Kibumba

Kibumba ni baridi, hata wanaozaliwa pale wanalalamika. Tulipata nafasi katika darasa la shule, pamoja na familia nyingine, na mama mmoja wa pale alituletea viazi vya kuchemsha na maharage yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese. Sijawahi kula viazi vitamu namna ile, ingawa vilikuwa viazi ulaya vya kawaida. Mama mkwe alivisifu, halafu akasema mimi huwa navichemsha mpaka vinalia.

Ndipo tulipojua été maana yake nini. Mfuko ule wa majira ya joto ungetosha kabisa kwa mtu aliyelala kando ya ziwa, lakini Kibumba si kando ya ziwa, iko juu karibu na mawingu. Niliufungua zipu yote, nikautandaza juu yetu wote wawili, na ili utoshe tulilazimika kulala mgongo kwa mgongo. Miaka sita tulikuwa hatujagusana zaidi ya kupeana mkono wa heri ya mwaka mpya. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na ulikuwa unatetemeka. Kila nilipomvutia mfuko kidogo alinirudishia.

Asubuhi alikuwa anakohoa. Aliniambia ni vumbi la lava. Nilimgusa paji la uso na halikuwa vumbi. Kama lile blanketi lingekuwepo angelala na joto, na hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Kizuizi

Fiston alirudi kutuchukua kama alivyoahidi. Baada ya Rugari tulikuta kamba imefungwa kukata barabara na askari watatu chini ya turubai. Waasi walikuwa wameanza kusikika tena kwenye vilima vya upande wa mpaka, na askari siku zile walikuwa wanapekua hata chupi za watoto. Mmoja wao, mwenye miwani ya jua, akafungua mzigo wangu, akatoa mfuko.

Sasa ndipo nilipojuta kutofikiria rangi. Sokoni niliangalia uzito, zipu, mishono na harufu. Sikufikiria kwamba kijani kile ni kijani cha watu wa msituni. Akaniuliza nampelekea nani. Nikasema ni wa kulalia. Akasema ndiyo, hata waasi wanalala, yeye anauliza ni waasi gani. Nikaanza kueleza habari za été, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwanamke anayepelekea waasi matandiko. Yule mwingine akasema wanikalishe kando mpaka mkubwa wao afike. Fiston alikuwa ameshaanza kutazama milima kama mtu asiyetujua.

Mama mkwe alishuka kwenye pikipiki polepole. Akachukua mfuko mikononi mwa askari kama anavyochukua sufuria kwangu, akautandaza barabarani, akaingia, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akafunga macho.

"Mutoto wangu," akamwambia askari bila kuyafungua, "huu ni mufuko wangu wa kuzikwa. Ninaenda Kiwanja kufia kwa kijana wangu. Kama unautaka uchukue, lakini nimeshaulalia na homa yangu."

Akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha mchezo. Yule askari alirudi nyuma hatua mbili na kuvua miwani. Alikuwa mdogo, labda umri wa Neema. Akamuomba koko asamehe, akaniambia niukunje mimi mwenyewe, na kamba ikashushwa.

Tulipofika mbali nilimuuliza mama mkwe kwa nini amesema anaenda kufa. Akaniambia niache kelele, upepo unaingia mdomoni.

Rutshuru

Homa ilipanda kabla hatujafika. Kiwanja iko karibu sana na Rutshuru, lakini hakuweza tena kujishikilia kwenye pikipiki, kwa hiyo tulishuka Rutshuru na Fiston akaenda zake kwenye maegesho yao. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, akampa dawa za kumeza na nyingine ya kumlaza, akasema apumzike kutwa nzima bila kusogezwa. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba mtu wa umri ule kifua kikishafunga hakifunguki kirahisi. Nilimlaza katika ukumbi wa kanisa uliokuwa umejaa wahamaji wa Goma. Nzi walikuwa wengi, kwa hiyo alivuta zipu mpaka juu ya kichwa na kuacha tundu dogo la pua. Ilikuwa saa sita mchana. Nikaenda kutafuta uji.

Uji haukupatikana upesi. Nilipata mama aliyekuwa anachekecha unga wa mtama, nikamngoja, tukaongea habari za mlima, akanipa na sukari. Niliporudi nilisikia wimbo kutoka ukumbini tangu nikiwa barabarani. Ni ule tunaouimba tukitoa maiti nyumbani.

Yaliyotokea niliyajua baadaye. Fiston alikuwa ameshasimulia kwenye maegesho habari za bibi anayesafiri na mfuko wake wa kuzikwa, na hadithi ilikimbia hadi ukumbini upesi kuliko yeye mwenyewe. Mwanamke mmoja akaja kumwona bibi huyo. Akakuta mfuko umefungwa na umenyooka. Akaita mara moja, mara mbili. Dawa ya muuguzi ilikuwa inafanya kazi yake. Basi akafanya alichoona kuwa ni haki, akawaita wengine, wakaanza kuimba.

Mimi sikujua hayo yote. Niliona mfuko wa kijani katikati na wanawake wamepiga magoti pande zote. Uji ulinidondoka. Miaka sita nilikuwa nikijiuliza itakuwaje siku hiyo, na nikiri mbele yenu kwamba baadhi ya siku nilidhani nitapumua. Sikupumua. Nilianguka juu ya miguu yake nikaishika kupitia kile kitambaa chembamba, nikaanza kusema, na wanawake wakapunguza sauti kunisikiliza.

Nilisema ni mimi niliyemuua. Nilisema hakukuwa na mwizi yeyote, mrefu wala mfupi, kwamba blanketi la Bosco nililigawa kwa mikono yangu, kwa mwanamke mwenye mtoto, kwa sababu lilikuwa zito na sikutaka kulibeba, na kwamba ningelibeba mpaka Kiwanja kwa meno kama ningejua. Nilisema na mengine ambayo sitawaandikia.

Mguu mmoja ukasogea ndani ya mikono yangu.

Zipu ikashuka taratibu kutoka ndani. Mwanamke aliyekuwa anaongoza wimbo alitoka kwa dirisha. Mlango ulikuwa karibu naye zaidi, lakini alitoka kwa dirisha. Uso wa mama mkwe ukatokeza, umelowa jasho, nywele zimesimama. Homa ilikuwa imevunjika.

"Yule mutoto alikuwa na siku ngapi?" akauliza.

Nikamwambia mbili.

Akafikiri. "Ungeniambia, ningemupa mimi mwenyewe. Sasa baraka umeikula weye peke yako."

Halafu akauliza uji uko wapi. Ulikuwa sakafuni. Nikarudi kuomba mwingine, nikilia na kucheka barabarani, na yule mama wa mtama akanipa bila kuuliza, nadhani kwa kuogopa.

Alikuwa ameamka wakati gani? Nilimuuliza jioni ile na nimemuuliza tena hapa Keshero. Anasema aliamka nilipomwangukia miguu. Lakini anayajua maneno yote ya wimbo ulioimbwa kabla sijafika, hata kwamba sauti ya pili ilikuwa inapotea.

Kiwanja

Ni Fiston huyo huyo aliyetuharibia. Aliposikia wimbo alihuzunika kweli, na kwa kuwa alijua tunakokwenda, aliendesha hadi Kiwanja kumtafuta Bahati na kumpa habari. Sisi tulilala Rutshuru bila kujua kitu.

Kesho yake tulifika kwa Bahati kwa pikipiki nyingine tukakuta viti uani, turubai limefungwa kwenye miti ya parachichi, sufuria kubwa juu ya mafiga na wanaume wameshika videvu. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Bahati alikuwa anajiandaa kuja kuchukua mwili, na alikuwa amevaa koti lake la harusi. Mama mkwe alishuka, akajifunga kitenge vizuri, akasalimia wazee kwanza kama inavyotakiwa, kisha akauliza kwa upole nani amefariki.

Bahati alikaa chini, palepale kwenye matope na koti lake. Mama yake alimwendea, akamshika kichwa akakilaza kwenye tumbo lake, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilimwona akilia, bila sauti, akimpiga piga mgongoni kama mtoto wa kunyonya. Watu wakageuka pembeni kuwapa nafasi.

Alipomaliza aliomba kiti. Akasema mbuzi hawezi kufufuka, kwa hiyo aliwe. Akakaa katikati, sahani mapajani, na akaanza kuwauliza waliokuja, mmoja mmoja, walikuwa wamepanga kusema nini juu yake. Mchungaji alikuwa na karatasi. Akaisoma yote huku jasho likimtoka, na mama mkwe akamsahihisha mahali pawili: kwamba hakuwahi kuwa mpole, na kwamba alizaa watoto watano, si wanne, maana mmoja alifariki angali mchanga na asisahaulike.

Kurudi

Tulikaa Kiwanja mpaka redio iliposema watu wa Goma wanaweza kurudi. Asubuhi nyingine tulisikia milio ya risasi kutoka vilimani, na Bahati alitaka tuondoke upesi; yaani mimi niondoke. Mama yake alikuwa amemtayarishia chumba chenye kitanda cha mbao, na mkewe alikuwa anamletea maji ya moto ya kuoga kabla hajaomba. Hakuna aliyemjibu vibaya. Hakuna aliyemjibu kabisa. Nilifunga vitu vyangu nikijua narudi peke yangu, na nilishangaa jinsi mzigo ulivyokuwa mwepesi na jinsi nilivyochelewa kuufunga.

Nilipotoka, yeye alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki niliyokodi, fimbo mkononi. Bahati alikuwa anamsihi. Mkewe alikuwa ameshika sinia la chai. Nilimwuliza mama mkwe anakwenda wapi na kifua chake hakijapona vizuri.

"Hapa wananiheshimu sana," akasema. "Mutu akiheshimiwa namna hii, hamalize mwaka."

Akasogea mbele kunipa nafasi nyuma yake.

Barabara ilikuwa imeshafunguliwa kwa mashine, tukapita juu ya lava tukiwa tumekaa. Keshero tulikuta nyumba imesimama, ukuta wa jikoni umepasuka kutoka juu mpaka chini, na kuku wa jirani wanalala kitandani kwangu. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Niliwatoa kuku, nikawasha makaa, nikapika maharage, na mama mkwe akavuta kigoda karibu na jiko akasema nimetia chumvi kabla ya wakati. Nikamwambia chumvi haina wakati. Akasema ndiyo maana maharage yangu ni magumu. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, halafu tukala.